Watoto 58, rekoda 2 na mwalimu "asiye na sauti": muziki waufunze vipi wasisinzie?

Swali lenyewe limetoka kwa mwalimu wa nje kidogo ya Malindi, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nafunza Gredi ya 5, klasi ina watoto 58. Nimepewa somo la Sanaa na upande wa muziki sikusomea, nafunza kutoka kitabuni tu. Naandika ubaoni mistari mitano, noti, taa (pigo moja zima) na ta-te (pigo hilo likigawanywa mbili), wao wananakili, haziishi dakika kumi wengine washalala wengine wanapigana. Skuli ina rekoda 2, zile firimbi za kupuliza. Tena kuna wazazi wamekuja kusema hawataki watoto wao wafunzwe muziki kwa ajili ya dini. Na mimi mwenyewe sauti sina. Nifanye nini somo hili lipendeze?"

Marahaba mwanangu. Hilo la kupewa somo kwa sababu ratiba yako ilikuwa na nafasi tunalijua sana hata huku Lamu, wala usione haya.

Nianze na huo usingizi. Watoto wako hawachukii muziki. Hao hao wakitoka nje saa ya mapumziko waskize, wanaruka kamba na nyimbo, wanapigana makofi ya viganja wawili wawili bila kukosea, mtaani kukiwa na harusi wamesimama mbele ya spika mpaka wafukuzwe, waliolelewa kwa Wagiriama wameskia kayamba tangu wako mgongoni mwa mama zao, na wale wanaokwenda chuoni (madrasa) jioni wana kasida kichwani beti baada ya beti na hakuna aliyewaandikia ubaoni. Kinachowalaza ni kuonyeshwa alama ya kitu ambacho hawajakiskia. Mtoto husema kwanza, miaka kadhaa, alafu ndio anafunzwa kuandika a e i o u. Muziki pia uende hivyo, skio, mwili, mdomo, na ubao uje mwisho, yaani noti iandike siku ambayo klasi tayari inaweza kuipiga, ukiiandika mtoto aseme kumbe hii ndiyo ile. Kitabu chako kina kila kitu kinachohitajika ila mpangilio wake umfaa mtu anayejua tayari, kwa hiyo kigeuze. Sisemi uache silabasi, nasema uingilie mlango wa nyuma.

Kabla ya yote wape ishara ya kunyamaza, manake watoto 58 wenye vyombo mkononi bila ishara utalia. Usipige kelele "nyamazeni". Wewe piga makofi, paa, paa, papapa, wao wanajibu vile vile, alafu mikono juu ya kichwa na kimya. Kila wiki badilisha ile ridhimu, iwe ngumu kidogo, na utakuwa ushawafunza kuskiza na kuiga bila kutumia hata dakika moja ya zile 35 za kipindi. Mwalimu wa klasi ya jirani mpe taarifa mapema, au toeni mabenchi nje chini ya mwarobaini.

Sasa kipindi cha kwanza. Wasimame, watembee papo hapo, kushoto kulia, wote pamoja, polepole. Hiyo miguu ndiyo biti, na biti haibadiliki hata kama mdomo unasema nini. Juu ya miguu hiyo kila mmoja ataje jina lake na wenzake warudie. Juma ni rahisi, JU kwa mguu wa kushoto, ma kwa mguu wa kulia, hiyo ni taa taa. Lakini skiza Fatuma na Kazungu. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, fa-TU-ma, ka-ZU-ngu, sasa ukimlazimisha mtoto aweke "Ka" kwenye mguu jina lake litaskika kama limetajwa na mtalii. Mwache aanze kabla ya mguu, "ka" ipite hewani na "ZU" ndiyo ikanyage. Hapo ushamfunza kuanza kabla ya pigo la kwanza, jambo ambalo kwenye vitabu huja mbele sana tena na jina la kutisha, na yeye anadhani anacheza na jina lake tu. Ndiyo maana pia nyimbo nyingi za watoto zilizotafsiriwa kutoka Kizungu hazikai vizuri mdomoni, mahadhi yanakanyaga silabi isiyo yake. Wakati mwingine mtoto haimbi kwa sababu wimbo wenyewe ni kiatu cha mguu mwingine.

Wiki ya pili nenda kwenye utenzi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona dawa nzuri kuliko hii kwa klasi za pwani. Utenzi tunao, kisiwa cha Pate peke yake kimetupa Mwana Kupona na utendi wake wa karne ya 19, na muundo wake ni wa hesabu kabisa: kipande kina mizani 8, yaani silabi 8, vipande 4 ni ubeti mmoja, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kina kina chake ambacho kitarudi kila ubeti mpaka mwisho. Mizani 8 ukizigawa mbili mbili unapata biti 4 za ta-te. Yaani ile ta-te inayowasinzisha ubaoni iko ndani ya lugha yao siku zote. Jaribu na ubeti huu nimekutungia:

Jahazi latweka tanga,
Tumepakia na unga,
Kwa nyota twasoma anga,
Twafika Lamu salama.

Miguu itembee, mdomo useme ja-ha, zi-la, twe-ka, ta-nga, silabi mbili kila mguu. Wakishakaa sawa, makofi yapige kila silabi na miguu ibaki pale pale. Alafu mdomo unyamaze, makofi yaendelee, wasikie ridhimu bila maneno. Kipindi cha baadaye ndio uandike ubaoni ta-te ta-te ta-te ta-te chini ya maneno yao, uone kama kuna atakayelala.

Alafu watunge wenyewe. Wagawe makundi ya watoto 6 hivi, kila kundi lilete kipande kimoja cha mizani 8, kuhusu soko, mpira, chochote. Lazima kuna kundi litaleta kitu kama "Mama apika wali". Usiwaambie wamekosea, waambie wakiseme huku wanatembea. Hesabu, ma-ma-a-pi-ka-wa-li, 7, mguu wa mwisho unabaki na silabi moja inaning'inia na klasi nzima itaskia kuna kiwete kabla hujasema neno. Waache warekebishe wao, kuna mmoja tu atasema "Mama yuapika wali", imekaa. Kwenye kukosea huko na kurekebisha ndiko wanakojua biti ni nini, kuliko ufafanuzi wowote. Mwalimu wa Kiswahili naye utakuwa umempunguzia kazi, mwambie mshirikiane, mizani na vina ni mambo yake pia.

Mahadhi usiwape. Waulize nani anajua kuimba utenzi, mkono utapanda, hata kama ni mtoto ambaye kwenye hesabu hujawahi kumskia. Kwenye kuimba sauti inaweza kuvutwa ikavunja mkazo wa neno, hiyo hukubaliwa, ni desturi ya uimbaji wenyewe, usianze kusahihisha.

Ukitaka siku moja ya fujo nzuri ingia kwenye 6/8, mwendo wa kuhesabu sita sita. Huu ndio mwendo wa chakacha na ngoma nyingi za kwetu, na ajabu ni kwamba vitabu huuleta mwisho kama kitu kigumu wakati mtoto wa pwani huwa nao kiunoni kabla ya kwenda skuli. Hesabuni wote moja mpaka sita, mwendo mmoja, mkirudia bila kusimama. Nusu ya klasi ipige kofi kwenye 1 na 4. Nusu ya pili ipige kwenye 1, 3 na 5. Kila upande ujizoeze peke yake kwanza, alafu pamoja. Wakichanganyikiwa, na watachanganyikiwa, wape maneno haya: "Njoo tucheze". Njo-o inachukua 1 na 2, tu ni 3, che ni 4, ze inavutwa 5 na 6. Ukiyasema vizuri yanapita palipo na makofi yote ya pande mbili, wote wanakutana kwenye "njo", "tu" ni ya kundi la pili, "che" la kwanza, "ze" la pili tena. Mbili dhidi ya tatu ndiyo hiyo, watu wazima wanalipia mafunzo kuipata.

Vyombo usingoje skuli inunue. Chupa za soda za plastiki zipo mpaka ufukweni, tia moja mchanga, moja mchele, moja kokoto, robo tu usijaze, ikijaa hailii. Watoto wafumbe macho uzitikise moja moja wataje ni ipi, hilo ni somo zima la tofauti ya sauti. Ndoo za rangi na madebe ni ngoma: kubwa ipige machache na ikae pale pale kama vumi, ndogo ijaze katikati kama chapuo, na moja tu ndiyo iruhusiwe kuongea, yaani kubadilisha. Wote wakibadilisha imekuwa kelele. Na wewe uko Malindi bwana, kayamba ya kweli haiko mbali, matete yaliyofungwa pamoja na mbegu ndani, tafuta mzee au mama anayejua kuitengeneza aje klasi siku moja, muombe mwalimu mkuu ruhusa, mlipe nauli na umkaribishe chai. Mgeni kama huyo aonyeshe zaidi ya kusimulia. Ila muulize ngoma gani ni ya watoto. Si kila ngoma ni ya kuchezwa klasi, kwa mfano kifudu cha Wagiriama kina mambo yake ya mazishi na heshima zake. Mekatilili wa Menza alicheza kifudu kukusanya watu mwaka 1913 dhidi ya Waingereza, hiyo historia wasimulie kabisa, ila kuicheza ni habari nyingine.

Haya, hilo la sauti huna. Mwimbishaji si lazima awe wewe. Nyimbo zetu karibu zote ni mmoja anatoa na wengine wanaitikia, kwa hiyo tafuta watoto watatu wanne wenye sauti iliyokaa, wapokezane kila wiki, wewe shika biti. Ukianzisha wewe basi usianze chini mno, makosa ya watu wazima hasa wanaume ni kuanza wimbo kwenye sauti yao ya starehe, mtoto akifika kwenye noti ya chini hana pa kwenda ananguruma, alafu tunasema hajui kuimba. Kelele pia si sauti, ukiskia wanapiga mayowe punguza, waambie waimbe kama mtoto mchanga amelala chumba cha pili.

Solfa, yaani do re mi, zifunze kwa mikono. Ishara hizi alizieneza Mwingereza John Curwen karne ya 19 na baadaye Kodály wa Hungaria akazitumia kwenye mfumo wake wa kufunza watoto: do ni ngumi usawa wa tumbo, mi ni kiganja kilicholala usawa wa kifua, so ni kiganja kinachokutazama wewe, la ni mkono uliolegea kuning'inia. Anza na so na mi peke yake, uite majina yao kwa noti hizo mbili na wajibu. Hizo mbili zikikaa ongeza la, alafu do na re. Fa na ti zingoje. Uzuri wa ishara ni kwamba mwalimu asiye na sauti anaweza kunyamaza kabisa, ananyanyua mkono tu na klasi inaimba, na mtoto mmoja akija mbele kuongoza wenzake kwa mikono utashindwa kumtoa.

Na tahadhari moja. Mtoto akiimba kasida au wimbo wa taarabu ukaona noti yake haiingii kwenye solfa, iko katikati, usimsahihishe. Mahadhi mengi yaliyotoka Arabuni yana noti zinazokaa kati ya vibao vya piano, kinanda cha simu yako hakina. Udi, ile ala ya nyuzi, hauna vigawanyo shingoni ndiyo maana mpigaji kama Zein l'Abdin wa hapa Lamu aliweza kwenda popote alipotaka. Skio la mtoto huyo liko sawa, ni solfa ndiyo fupi.

Rekoda sitasema mengi. Mbili kwa watoto 58 si chombo cha klasi, ni cha kuonyesha, na kupokezana mdomo kwa mdomo bila kuosha ni kutafutana maradhi. Wazazi wanaoweza wakinunua, angalia zote ziwe aina moja, kuna za vidole vya Kijerumani na za Baroque na kwenye noti ya F vidole havifanani, ukichanganya utadhani watoto hawaskii kumbe ni chombo. Wasiokuwa nayo washike kalamu na wapige vidole wakiimba jina la noti, zamu yao ikifika mikono inajua tayari. Mkono wa kushoto uwe juu. B ni dole gumba na kidole cha kwanza, A ongeza cha pili, G ongeza cha tatu, mwezi mzima kaa na hizo tatu na utungaji wao wenyewe. Kupuliza ni pole, wakianza kwa "tu" ya ulimi. Wote wanapuliza kwa nguvu mwanzo, na ile firimbi inayotoka ndiyo imefanya walimu wengi wafungie rekoda kabatini.

Sasa wazazi. Usibishane nao na usiwapuuze, na wala usijifanye mufti. Rai za wanachuoni kuhusu ala ziko tofauti, hilo mzazi analijua na wewe unalijua. Mwite, umuonyeshe daftari la mtoto, umuulize yeye anakubali nini. Mara nyingi shida yake ni ala za kupuliza na za nyuzi, au mabinti kucheza mbele ya wavulana, au maneno ya nyimbo. Sauti ya mtu, makofi, utenzi na tari wengi hawana neno nazo, huku Lamu matari hupigwa Maulidini mbele ya msikiti wa Riyadha na hakuna anayeona ajabu. Lakini sema hivyo kama njia ya kukutana, usiseme kama hoja ya kumshinda, manake hata hayo kuna wasioyakubali. Mtoto aliyekatazwa rekoda mpe kazi yenye uzito, awe mshika biti, mtunzi wa vipande, au mwandishi wa ta-te ubaoni, umpe alama zake kamili. Asikae kona akiangalia wenzake. Na kasida ikija klasi, ije kama wanavyoimba chuoni, usiitie debe na viuno ukasema unaipa ladha. Hapo mzazi akikasirika atakuwa na haki.

Kuna jambo hukuliuliza lakini litakuja. Muhula wa mashindano utaambiwa uchague kwaya. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia ndefu, lilianza 1927, na mimi nalipenda, nimewaona watoto waliotoka vijijini wakasimama mbele ya umati wasitetemeke. Lakini najua pia skuli ambazo somo la muziki lote la mwaka ni wimbo mmoja wa mashindano, 30 wanachaguliwa wanakaririshwa mpaka jioni na waliobaki wanapewa kazi ya kufagia, na hata wale 30 ukiwauliza biti ni nini hawajui. Ukipewa kazi hiyo ifanye nje ya kipindi. Kipindi kiwe cha wote 58. Na ukiweza shawishi skuli iingize ngoma au utenzi wa kuimbwa, manake kazi ya kuuandaa utakuwa ushaifanya klasi na wale wa kona watakuwa na nafasi.

Kwa alama usijisumbue na mtihani wa kuandika. Shika orodha ya majina, kila kipindi waskize watoto 8 tu wakati wengine wanaendelea, je anashika biti peke yake, anaweza kurudisha ulichopiga, ametunga kipande kikakaa, andika maneno mawili mbele ya jina. Klasi yote utakuwa umeimaliza kwa vipindi 8 hivi na ripoti utakuwa nayo.

Jumatatu anza na miguu na majina, vingine vyote vingoje. Rekoda zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zianike, uzirudishe kabatini mpaka utakapofika so-mi-la. Na ukiona baada ya wiki kadhaa kuna klasi nyingine inachungulia dirishani, waite waingie, wakae upande wa 1 na 4.